Bi Utapigiwa, Karani wa Foleni

Ndugu, jamaa, majirani, na ninyi watumishi wa hospitali mliokuja moja kwa moja kutoka zamu, mimi ni mdogo wake marehemu, fundi bomba, nimepewa karatasi hii niisome kwa sababu shemeji yangu amesema sauti yake haitafika mwisho, nami nimeongeza maneno ambayo familia haikuyaandika, naomba mnivumilie.

Dada yetu alizaliwa tarehe 14 Machi 1966, katika wodi ya wazazi ya hospitali ileile aliyokuja kuifanyia kazi, akiwa mtoto wa kwanza kati ya wanne wa baba yetu, mpaka rangi, na mama yetu, mshona nguo, naye tangu utotoni alikuwa mtu wa mstari, kwani ndiye aliyetupanga kwenye bomba la mtaa na ndoo zetu, na aliyejaribu kupenya alirudishwa nyuma kabisa, na mimi nilirudishwa mara nyingi kuliko wote.

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1973 hadi 1979, sekondari 1980 hadi 1983, akasomea utunzaji wa kumbukumbu kwa miaka miwili, na tarehe 2 Januari 1986 akaajiriwa kuwa karani wa mapokezi katika zahanati ya mtaani kwetu, akahamishiwa kituo cha afya mwaka 1991, na tarehe 1 Julai 1996 akakabidhiwa dirisha la miadi ya madaktari bingwa katika hospitali kuu, dirisha namba tatu, lile lenye kioo chenye ufa, na hakuliacha tena.

Kwa wasiojua kazi ile, mgonjwa huanzia zahanati, zahanati ikishindwa humpeleka kituo cha afya, kituo kikishindwa daktari wake huandika barua ya rufaa, na barua hiyo hufika dirisha namba tatu, ambako karani huiingiza kwenye orodha kwa tarehe yake na kwa uzito wa ugonjwa, si kwa ukoo wala kwa kiatu alichovaa mtu. Dada alituambia mara nyingi kwamba mlangoni hulipi kwa sababu ulishalipa, ulilipa kodi uliponunua sabuni, ulilipa uliponunua mafuta ya taa, na asiyekuwa na cha kununua amelipiwa na wenzake, kwa hiyo hakuna mgonjwa wa bure pale, wala hakuna mwenye hospitali, na kinachobaki kugawana ni zamu tu. Mimi ni shahidi, kwani mwaka 1998 nilianguka kutoka juu ya tangi la maji nikavunjika paja, nikafanyiwa upasuaji siku ileile, nikalala wodini wiki saba, na sikuombwa chochote isipokuwa niache kuwachekesha wagonjwa wenye mishono.

Kila aliyefika dirishani kwake aliambiwa neno moja, utapigiwa, yaani nenda nyumbani, simu itakuja, na watoto wa mtaani wakamwita Bi Utapigiwa, naye hakukasirika, ila alikasirishwa na familia ambazo mgonjwa wao akifariki hazitoi taarifa, siku ya miadi inafika, daktari anakaa na kiti kitupu, na mtu wa nyuma yake, aliyesubiri miezi, hakuitwa, kwa sababu hakuna aliyesema. Jambo hilo alilisema hata harusini.

Alifunga ndoa tarehe 22 Desemba 1990 na shemeji yangu huyu, mwalimu wa hesabu, ambaye husema kwamba hata yeye alisubiri zamu, miaka minne, na wakajaliwa watoto wawili, binti aliyezaliwa mwaka 1992, ambaye ni muuguzi, na kijana aliyezaliwa mwaka 1995, fundi umeme, na wajukuu watatu.

Sasa nafika mahali pagumu. Mwaka 2011 habari za ugonjwa wa mfagizi mmoja wa hospitali zilitoka mapokezi zikafika kantini kabla mwenyewe hajaambiwa na daktari, yule mama akaacha kazi kwa aibu, na dada akasema haitatokea tena, akaomba kabati la chuma lenye tundu la kupitishia barua, kwa ajili ya barua za rufaa za watumishi peke yao, yeye akashika ufunguo mmoja na msaidizi wake akashika wa pili, na kila Jumatatu asubuhi alilifungua, akaziingiza barua zile kwenye orodha ileile ya watu wote. Ulikuwa utaratibu mzuri, nasema hivyo na uchungu wangu wote.

Mwishoni mwa mwaka jana alianza kuumwa tumbo, akaenda zahanati kama mtu yeyote, zahanati ikampeleka kituo cha afya, na tarehe 27 Januari 2025 daktari wa kituo akaona uvimbe, akaandika barua kwamba aonwe na bingwa ndani ya wiki mbili. Tarehe 29 Januari dada aliipitisha barua yake mwenyewe kwenye tundu la kabati lake mwenyewe, maana siku ya kufungua ilikuwa Jumatatu, na hakutaka kujifungulia mapema, na Ijumaa ya tarehe 31, baada ya kuanguka kazini, akapewa likizo ya ugonjwa, akakabidhi shada la funguo za ofisi, akalala nyumbani akisubiri kupigiwa.

Februari ikapita, Machi ikapita. Binti yake alitaka kupiga simu kwa wauguzi wenzake, akakatazwa, mimi nilitaka kwenda kwa daktari bingwa mwenyewe, kwa kuwa bomba la jikoni kwake nimelitengeneza mimi, nikaambiwa kwamba nikithubutu nisikanyage tena pale nyumbani, kwamba aliyewaambia watu wasubiri kwa karibu miaka thelathini hawezi kuwapita siku ya zamu yake, na juu ya kitanda alikuwa amebandika kile kikaratasi cha dirishani kwake, subira yavuta heri. Nilimtii. Nimetengeneza mabomba maisha yangu yote, najua maji yakikatika huulizi maji, unafuata bomba, na mimi sikulifuata.

Tarehe 3 Juni nilipeleka karatasi yake ya likizo hospitalini, nikamkuta dereva wa gari la wagonjwa analalamika dirisha namba tatu kuhusu barua yake ya tangu Februari, na karani wa muda, aliyeletwa kutoka stoo, akasema kabati lile hajawahi kuliona limefunguliwa, alidhani ni la vitu vibovu. Ufunguo wa dada ulikuwa nyumbani, kwenye kamba moja na ufunguo wa jikoni, wala hakujua, alidhani umo kwenye shada. Nilikwenda nikarudi nao, kabati likafunguliwa, zikatoka barua saba, yake ikiwa chini ya zote, na kando yake bahasha yenye ufunguo wa pili, ambao msaidizi wake, alipohamishwa mwaka jana, aliukabidhi kwa maandishi, na ofisi, wiki ileile dada alipoanza likizo, ikaupitisha kwenye tundu, ndani ya kabati, kwa usalama.

Mganga hajigangi. Nilipomweleza dada, aliuliza kama barua ya dereva nayo imeingizwa, nami nikatoka uani nikalia kwa hasira, hasira juu ya ofisi, juu yake, na juu ya utii wangu. Barua yake iliingizwa na alama ya haraka sana, lakini orodha ilikuwa imejaa, akaambiwa atapigiwa. Jumatatu ya tarehe 9 Juni alizidiwa, akapokelewa chumba cha dharura mara moja, wakafanya yote yanayofanywa, na Alhamisi, tarehe 12 Juni 2025, saa tisa alasiri, akafariki, akiwa na umri wa miaka 59.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi namba nne, ambao hawakubanduka kitandani kwake, inawashukuru majirani waliopika na kuosha vyombo, na wafanyakazi wenzake wa masjala waliokuja wakiinamisha vichwa, inueni vichwa, wengi wenu hamkujua, ila ufunguo wa pili naomba utundikwe ukutani, mahali pa kuonekana na kila mtu.

Ijumaa, siku moja baada ya kufariki kwake, saa nne asubuhi simu yake iliita, nikaipokea mimi, binti mwenye adabu akasema miadi ni Jumatano hii, tarehe 18, saa mbili asubuhi, na mgonjwa asichelewe. Niliitikia tu, nikakata. Kwa hiyo mnisamehe, Jumatano sitakuwepo msibani, nitakwenda dirisha namba tatu mapema na kadi yake, niwaambie mgonjwa hatakuja, mwiteni wa nyuma yake. Dada, pumzika kwa amani, nafasi yako haitapotea.