Tone Nililomnyima Dada Nekesa

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Nawasalimu nikiwa nawaona wote, kuanzia nyinyi wa viti vya mbele hadi wale vijana wanaojificha nyuma ya spika. Nawaona kwa macho mawili. Nilikaribia kuwasalimu kwa moja, na ndiyo sababu nimesimama.

Wengi mnanijua. Mimi ni Mama Ekisa, fundi wa nguo hapa Malaba. Majoho ya kwaya yote yamepita kwenye cherehani yangu. Kibanda changu kinatazama barabara, pale malori yanapopanga foleni kungoja kuvuka kwenda Uganda, na vumbi la pale mnalijua. Nisipoona tundu la sindano, sina kazi. Nisipoona herufi, siwezi kusoma Neno hapa mbele kama ninavyofanya tangu nikiwa msichana.

Kiangazi kilichopita, asubuhi moja, jicho langu la kulia lilikataa kufunguka. Kope zilikuwa zimegandana kwa matongotongo ya manjano, hadi nikazilainisha kwa maji ya uvuguvugu.

Sasa, ndugu zangu, mnakijua kikapu chetu. Ushirika wa akina mama hukutana nyumba kwa nyumba, na kikapu hulala kwa yule atakayepokea wageni mara inayofuata. Ndani mna vitabu vya nyimbo, mafuta ya kuombea wagonjwa, majani ya chai. Aliye na sukari hutia sukari. Ni kikapu cha upendo, na sitakisema vibaya. Lakini macho mekundu yalipoanza kuzunguka mtaani, mama mmoja akatia humo kichupa cha dawa ya macho. Kilinunuliwa ng'ambo, haijulikani lini, na maandishi yake yalikuwa yamefifia. Hakuna aliyeuliza ni dawa ya nini. Ilikuwa ya ushirika, kama sukari.

Aliyenitia ni dada Nekesa. Huyu ni jirani yangu, muuza vitunguu, na tumeomba pamoja tangu watoto wetu wakiwa mgongoni. Aliniegemeza kwenye kiti, akaliita jina la Yesu, akakibonyeza kichupa hadi ncha yake ikagusa kope zangu. Kabla yangu ilikuwa imegusa kope za mwenzetu, na kabla ya huyo, za mwingine.

Wekundu ukapoa. Tukashangilia! Jumapili nikasimama papa hapa nikawaambia nimepona, nanyi mkapiga vigelegele.

Jicho halikuwa limepona, ndugu zangu! Maumivu yalirudi na nguvu mpya. Mwanga wa dirishani ukawa kama pilipili. Joho la mpiga kinanda nililishona kola upande, naye kwa heshima akalivaa hivyo hivyo. Kisha asubuhi moja Nafula, mke wa mwanangu, akaweka sufuria chini akanikazia macho.

"Mama, kuna kitu cheupe juu ya mboni. Hebu ziba hilo zima."

Nikaziba. Nafula akageuka ukungu. Sauti yake niliisikia, uso wake sikuuona.

"Twende hospitali, saa hii," akasema.

Nekesa naye alikuwa ameingia na kikapu. "Hospitali? Mama Ekisa, si juzi tu ulisimama mbele ya kanisa lote? Ukionekana kwa foleni ya macho watu watasema nini? Tuombe, nikuongeze tone."

Hapo ndipo Bwana aliponigeuza. Niliona wazi kwamba nilikuwa nataka kulinda ushuhuda wangu huku jicho likienda. Mungu hahitaji nidanganye ndiyo apate sifa. Nikamwambia, "Nekesa, Mungu haaibiki mimi nikisema bado naumwa. Maombi, njoo nayo. Hilo tone, hapana. Nipe kichupa nikamwonyeshe daktari."

Daktari wa macho alikuwa mama mpole asiyecheka ovyo. Alinitia rangi jichoni, akanimulika kwa chombo chake, kisha akakigeuza kichupa mkononi.

"Nani alikuandikia hii?"

"Ushirika."

"Ushirika ulisomea wapi?"

Nilicheka ingawa niliumia. Lakini alichosema baadaye hakikuwa cha kuchekesha. Alisema dawa ile haiui bakteria. Inatuliza wekundu na uvimbe, na kwa ugonjwa wangu ilikuwa hatari, maana jicho linapendeza kwa nje na bakteria wanaendelea kula. Tayari nilikuwa na kidonda kwenye kioo cha jicho, ile ngozi angavu ya mbele. "Ungechelewa tena kidogo, mama, nisingekuahidi kitu."

Akachukua kipimo. Akaniuliza kama kuna dawa yoyote inayonidhuru mwilini. Kisha akanipa matone ya antibiotiki, ya kuua bakteria, kiboksi kikiwa na jina langu. Mwanzoni nilitia kila saa, hata usiku, kwa sababu kidonda kilikuwa kibaya. Msiige hesabu yangu! Kila mtu hufuata alivyoandikiwa yeye.

Nisikilizeni vizuri, hasa nyinyi mliozoea kutiliana. Nawa mikono kwa sabuni kwanza. Inamisha kichwa nyuma, vuta kope ya chini ifanye kifuko kidogo, na tone lidondoke humo. Ncha ya kichupa isiguse jicho, wala kope, wala kidole. Tone moja linatosha. Fumba polepole bila kukaza, na ubonyeze kidogo kona ya jicho upande wa pua ili dawa isitoroke kooni. Ukiwa na dawa mbili za macho, zipe nafasi ya dakika chache katikati. Ukiona ukungu baada ya kutia, kaa utulie upite, usikimbilie kuendesha pikipiki. Ukiwashwa sana, au kope zikivimba, rudi kwa waliokupa.

Kusema ni rahisi. Mkono wangu, mkono wa cherehani, ulitetemeka kama wa mwizi! Tone la kwanza liliangukia shavuni. La pili likaingia puani.

"Mama," Nafula akasema, "pua sasa imepona kabisa."

Sikukata tamaa. Nililala chali, nikaegemeza mkono kwenye paji la uso, nikajaribu tena. Nilisema, Bwana, wewe umempa daktari maarifa, nami nipe mkono uliotulia. Nikapata. Saa baada ya saa nikapata! Nilirudi kukaguliwa kila nilipoitwa. Kile cheupe kikaanza kusinyaa. Maumivu yakaondoka, na shetani akaninong'oneza kwamba sasa inatosha, acha dawa. Nikamwambia si yeye aliyeniandikia. Niliendelea hadi daktari mwenyewe aliposema acha.

Lakini kabla hajasema, lilikuja jaribu lililonitoa jasho kuliko kidonda. Nekesa aliingia kwangu macho yote mawili mekundu, yanachuruzika maji.

"Dada, nitilie tone moja tu."

"Siwezi, Nekesa."

"Kwani utapungukiwa? Tumekula sahani moja miaka yote hii! Leo umekuwa mkono wa birika?"

Ndugu zangu, kwetu mtu akikuomba ukamnyima, na kitu kiko hapo mezani anakiona, umemfukuza. Nilijua hivyo, na nilijua pia kwamba naweza kumpoteza dada. Lakini nilikumbuka ile ncha ikizunguka kwenye kope zetu. Nikasema, "Tone sikupi. Vaa viatu twende."

Tulipanda boda boda moja, yeye mbele yangu, mgongo umekakamaa kama ubao. Daktari alipomwangalia akasema ugonjwa wake ni wa virusi. Antibiotiki yangu isingemsaidia chochote! Na mimi ningebaki na kichupa kilichochafuka, nikitie kwenye jicho lenye kidonda. Alipewa maagizo yake: kitambaa safi, maji safi, taulo lake peke yake, mikono mbali na macho, na arudi haraka akiona maumivu au ukungu. Tulipotoka getini alinishika mkono.

Leo kuna doa dogo pembeni mwa jicho langu. Daktari anasema litabaki, na mimi nimelikubali. Halizuii tundu la sindano. Halikunizuia kusoma somo la leo, mmesikia wenyewe. Kichupa changu kilipomaliza kazi nilikitupa, maana dawa ya macho ikishafunguliwa haikai, hata tarehe ya kiboksi iwe mbali. Wengi huambiwa waitupe baada ya mwezi mmoja. Muulizeni mfamasia.

Nacho kikapu kinaendelea kuzunguka. Juzi, mgeni wetu kutoka Adungosi alikuja na jicho limevimba, akauliza, "Na ile dawa yenu ya kikapu?"

Kabla sijafungua mdomo, Nekesa alijibu. "Hiyo hatuna tena. Tuna sabuni, tuna maombi, na mimi nina viatu miguuni. Twende."

Namshukuru Mungu kwa jicho hili, kwa daktari yule, kwa Nafula aliyeweka sufuria chini. Basi, aliye na jicho linalouma hapa, au linaloogopa mwanga, au linaloona ukungu, asione haya na asingoje wiki ijayo. Mtegemee Bwana, na unyanyuke. Ibada ikiisha mtatukuta mlangoni, mimi na Nekesa, tumeshavaa viatu.