Jabez Wafula Barasa na Viegemeo vya Kitanda cha Upasuaji

Wazee wa kanisa, majirani zetu wa hapa kijijini Hindi, na nyinyi nyote mliovuka maji kutoka Amu, Manda na Pate kuja kutuzikia mtu wetu, kabla hatujaanza familia ingependa mjue kwamba marehemu mwenyewe, akiwa amelala chumbani siku zake za mwisho, alimwomba mkewe, Mwalimu Kagendo, asikubali asomewe sifa tupu. "Wasome na ile ya Chundwa," alimwambia, na kwa kuwa hilo ndilo aliloagiza, ndivyo tutakavyofanya.

Marehemu Jabez Wafula Barasa alizaliwa tarehe 14 Aprili 1971, kijijini karibu na Kimilili, wilaya ya Bungoma kama ilivyoitwa wakati huo, akiwa mtoto wa tatu wa Mzee Barasa Wekesa na Mama Rasoa Nafula, na mvua iliyonyesha siku hiyo ndiyo iliyompa jina la Wafula. Alisoma shule ya msingi hapo kijijini, akaenda sekondari Webuye hadi mwaka 1990, kisha akajiunga na chuo cha tiba jijini Nairobi, alikohitimu mwaka 1995 kuwa fundi wa mitambo ya hospitali, kazi ambayo babake hakuielewa hata kidogo, akawa anawaambia watu sokoni kwamba mwanawe ni daktari wa vitanda.

Alianza kazi Nakuru, na mnamo Februari 1999 akaletwa Amu, katika hospitali ndogo ya hisani ambayo siku hizi imefungwa, akidhani atakaa kidogo kisha arudi bara, lakini kisiwa kikamzoea naye akakizoea, akajifunza kupigana na kutu inayokula kila chuma cha pwani, na tarehe 6 Desemba 2003 akafunga ndoa na Kagendo, mwalimu kutoka Meru aliyekuwa akifundisha huku Hindi. Mungu aliwajalia watoto wawili, Nekesa aliyezaliwa mwaka 2004 na Barasa aliyezaliwa mwaka 2008.

Sasa tufike kwenye lile aliloagiza. Mwezi wa Agosti 2011, egemeo la mkono la kitanda cha upasuaji lilivunjika kiungo, kipuri kiliagizwa Nairobi kikachelewa, na Jabez, ili upasuaji usisimame, akachukua ubao akaukaza kwa bolti ubavuni mwa kitanda, ubao ulionyooka tu, usiopanda, usioshuka, wala usiogeuka, akisema ni wa muda. Wiki hiyo aliletwa Bi Umi binti Idris wa Chundwa, kisiwani Pate, msusi wa mikeka, kutolewa uvimbe tumboni, na kazi iliyotarajiwa kuwa fupi ikawa ndefu, mkono wake wa kulia ukiwa umenyooshwa juu ya ubao ule muda wote huo, umevutika kupita kiasi na hakuna aliyeutazama, kwani macho yote yalikuwa tumboni. Uvimbe ulitoka salama. Kesho yake vidole vya mkono wa kulia havikufunga.

Daktari alieleza kwamba mshipa wa fahamu umevutwa begani, kwamba huenda mkono ukarudi polepole, lakini haukurudi kiasi cha kuweza kusuka tena ukili wa mikeka. Jabez alikwenda wodini kumtazama, akasimama miguuni pa kitanda, na yule mama akamwambia kwa upole, kama anayemweleza mgeni habari za nyumbani, "Nimekuya na mikono miwili, mwanangu, yeo narudi na mmoya." Jabez akatoka. Hakuna aliyemlaumu, uongozi ulisema ni bahati mbaya, na kutolaumiwa huko ndiko kulikomwelemea, maana hakupewa hata nafasi ya kukiri.

Tangu hapo akawa na kazi moja rohoni. Alitaka kuunda egemeo la mkono litakaloshika ukingo wa kitanda chochote, lipande na kushuka, ligeuke na kujifunga, na likifika pale ambapo bega linaanza kuumia likatae kwenda mbele hata ukilisukuma. Alishirikiana na Abubakr, fundi wa kuchomelea wa Amu, na la kwanza lilishika kutu kiungoni likagoma, la pili likalegea kitanda kilipoinamishwa, bahati njema walikuwa wakilijaribu kwa gunia la mchanga. Mabomba ya chuma kisichoshika kutu waliyapata Manda, kwenye ngazi ya boti iliyotupwa na hoteli moja. Nyumbani, Jabez alikuwa akilala chali juu ya meza ya kulia, mkono umefungwa kwenye egemeo, akingoja kuona ganzi itaanzia wapi, na watoto wakala ugali wao wamekaa sakafuni.

Kagendo alimwambia mapema, na akamwambia tena kila mwaka, "Baba Nekesa, nenda ukamwone yule mama."

"Niende na nini?" Jabez alikuwa akimjibu. "Nikifika mikono mitupu nitasema nini?"

Mwaka 2015, Bi Huwaida, muuguzi wa chumba cha upasuaji, alilitumia egemeo hilo kwa mgonjwa wa kwanza, akasema limekaa vizuri na aliache hivyo hivyo. Jabez hakuliacha, aliona sponji yake inatota jasho, akabadilisha, akaona nati yake inahitaji mkono wenye nguvu, akabadilisha, kisha akaingia kwenye viegemeo vya miguu kwa ajili ya akina mama wanaopasuliwa, na kila alipoulizwa habari za Chundwa alisema bado kidogo.

Januari 2019, wakiwa karakanani, Abubakr alimwambia kwamba Bi Umi amezikwa jana. Jabez alilifunga egemeo ndani ya gunia, akapanda boti hadi bandari ya Mtangawanda, akachukua pikipiki hadi Chundwa, akapokelewa na Bi Lubna, binti wa Bi Umi, akaliweka lile egemeo juu ya mkeka na kumwonyesha linavyopanda, linavyogeuka, na mahali linapokataa. Bi Lubna alimsikiliza mpaka mwisho.

"Mama alikuwa akiuliza habari zako," akasema. "Kila mtu wa hospitali akiya, humuuliza, yule fundi mrefu yuwapi. Alitaka kukwambia hana neno na wewe. Kwani hukuya?"

"Nilikuwa sijamaliza," Jabez akajibu, na kahawa aliyowekewa ikapoa mbele yake.

Alirudi mtu mwingine. Kazi hakuiacha, na viegemeo vyake vinatumika leo katika vyumba kadhaa vya upasuaji hapa pwani, lakini aliposifiwa aliangalia pembeni, na akawa mtu wa kuomba radhi haraka mno, hata jirani yetu Kiprotich anakumbuka alivyomkuta langoni alfajiri, akitubu kwa sababu ya mbuzi wake aliyeingia shambani mwa jirani, kabla Kiprotich mwenyewe hajajua kuna mbuzi.

Machi 2023 aligundulika kuwa na saratani ya tumbo, akapasuliwa Mombasa mwezi wa Julai, akapata nafuu, kisha hali ikageuka, na tarehe 9 Mei 2024, Alhamisi, akatutoka akiwa nyumbani, mkewe na wanawe wakiwa kando yake.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Mombasa, Bi Huwaida aliyekuwa akija kumsafisha kidonda bila kuitwa, Bwana Abubakr na mafundi wenzake, na majirani wa Hindi, Waislamu kwa Wakristo, mliopika na kuchota maji tangu Alhamisi.

Bi Lubna, tunajua uko hapa, na tunakushukuru kwa kuvuka. Marehemu alituambia kwamba siku ile Chundwa alisema habari za chuma tu, na lile aliloliendea hakulitamka, si kwako wala kwa mtu mwingine yeyote wa nyumba yenu. Ametuachia tukufikishie kwa maneno yake mwenyewe: "Ule ubao niliukaza mimi. Nisameheni."

Jabez wetu, tumelifikisha. Lala kwa amani.