Bango Lisilo na Ndoano

FUNDI: Haloo? Nani mwenzangu? Kama ni bango la duka njoo mchana, rangi nyekundu imeniishia—

DADA: Ni mimi.

FUNDI: Mimi nani? Mimi wako wengi.

DADA: Dada yako. Wa tumbo moja, kama hujabadilisha.

FUNDI: Aa, dada! Shikamoo. Namba ngeni hii, nikadhani mteja.

DADA: Marahaba. Simu ya mpishi wa shule. Yangu wameichukua polisi, eti wanataka kusoma meseji. Wasome tu. Watakuta nimemwambia Mwalimu arudi na chumvi na kiberiti.

FUNDI: Pole dada. Sauti inakatika, hebu sogea kidogo—

DADA: Nisogee wapi? Niko kwenye korido ya mahakama, nimebanwa na ukuta. Kesi ya shemeji yako inaitwa saa tano. Hujaja.

FUNDI: Nilikuwa nakuja, ila—

DADA: Siku mbili mume wangu analala kwenye sakafu ya polisi. Jicho moja limefumba kabisa. Shemeji yake aliyeandika bango hajakanyaga! Hata simu! Hata "dada mmeamkaje"!

FUNDI: Dada, mimi niliogopa. Sikufichi.

DADA: Na sisi tuliogopa. Uoga haukuzuii kusalimia watu. Haya, nisimalize salio la mwenzangu. Ile karatasi iko wapi?

FUNDI: Karatasi gani?

DADA: Usinifanye mtoto. Aliyokuandikia Mwalimu, yenye maneno ya bango. "DIWANI KAUZA UWANJA WA SHULE", na mwishoni alama ya kuuliza. Si aliikoleza kwa kalamu nyekundu mara mbili? Mpaka nikamwambia, we mwanamume, huyu ni fundi, si mtoto wa darasa la tatu.

FUNDI: Sasa dada, karatasi za wateja mimi huwa nafutia brashi.

DADA: Umefutia?

FUNDI: Nadhani.

DADA: Unadhani! Wakili anasema karatasi hiyo ikionekana leo, kesi inakosa miguu. Isipoonekana ni miaka miwili, na ualimu kwaheri. Hebu inuka utafute kwenye hayo makopo yako.

FUNDI: Dada, kwani alama moja ina uzito gani hivyo? Watu si wanaelewa tu—

DADA: Ndiyo kwanza unauliza leo? Hukuwepo nyumbani Mwalimu akituelezea? Barua ya kibali ya polisi ilisema andamaneni, lakini bango lisimtuhumu mtu, si kwa jina, si kwa cheo. Wazazi wakataka tuandike "mwizi". Mwalimu akakataa. Akasema, sisi tutauliza. Anayeuliza hajamtuhumu mtu. Maneno ni yale yale, ukiweka ile alama ni swali, ukiitoa umemwita diwani mwizi mchana kweupe. Ruhusa yetu yote ilikuwa kwenye hicho kidude kimoja!

FUNDI: Ile ndoano.

DADA: Ndoano ndiyo mnaiita?

FUNDI: Sisi wa brashi tunaiita hivyo. Sasa, ukweli wa Mungu, nafasi iliisha. Kitambaa kilikuwa kifupi. Na pale kona ya chini huwa naweka namba yangu ya simu, kwa hiyo nilipofika mwisho—

DADA: Ngoja. Uliweka namba yako ya simu kwenye bango la maandamano?

FUNDI: Mazoea, dada! Mkono unaenda wenyewe. Hata jeneza la mzee wetu nusura niliandike.

DADA: (anacheka, kisha anaacha) Kwa hiyo swali la wazazi mia mbili limekosa nafasi, tangazo lako limepata.

FUNDI: Nisamehe.

DADA: Unajua sisi hatukuliona hilo bango? Uliliteremsha asubuhi limekunjwa, ukasema litashika vumbi, msilikunjue mpaka barabarani. Tukakunjua barabarani. Aliyebeba bango halisomi, anaona mgongo wake. Tukaenda mpaka pale njia panda, tunaimba, watoto wetu wanatupungia kwenye uzio wa shule. Askari hawa hapa. Mkubwa wao akasoma kwa sauti, akamwambia Mwalimu, zunguka mbele nawe usome. Akazunguka. Mimi nilikuwa nimeshika mti wa bango wa kulia, nikamwona uso ulivyomshuka. Sijawahi kumwona vile, hata siku alipozikwa mama yake.

FUNDI: Dada, basi—

DADA: Bado. Na wakili wa diwani alikuwa palepale, na tai yake, saa mbili asubuhi. Amesimama kama mtu anayesubiri basi. Walijuaje?

FUNDI: Mimi nitajuaje?

DADA: Nakuuliza.

FUNDI: Labda walipita tu. Haloo? Unasikika kwa mbali—

DADA: Nasikika vizuri sana. Nikuambie jambo lingine linaloninyima usingizi. Namba yako iko kwenye bango, tarakimu kumi, nyeusi juu ya nyeupe. Bango walilichukua polisi siku ile ile. Na Mwalimu wanamchapa wakimuuliza nani kaliandika. Wanamuuliza! Nani kakupigia simu mpaka leo?

FUNDI: Wateja tu.

DADA: Kuna askari hata mmoja amekupigia?

FUNDI: Hapana.

DADA: Amekuja kibandani?

FUNDI: Hapana, dada.

DADA: Mimi shule niliishia njiani, lakini kuhesabu najua.

FUNDI: Sasa unataka kusema nini? Sema wazi!

DADA: Sisemi. Nakusomea alichoandika Mwalimu kwenye maelezo yake, wakili kanipa nakala. Anasema: "Maneno yote ya bango ni yangu. Alama ya kuuliza nilisahau mimi kwenye karatasi. Fundi aliandika alichopewa, hana kosa." Na sahihi yake chini.

FUNDI: Shemeji kaandika hivyo?

DADA: Kwa mkono wake. Mwalimu anayemkata mtoto maksi kwa nukta moja, kakiri mbele ya serikali kwamba alisahau alama. Nikamuuliza pale dirisha la mahabusu, kwa nini? Akasema, fundi ana watoto watatu na kibanda kimoja, mimi nikifungwa angalau wewe una cherehani. Nikamwambia sawa. Niseme nini? Nikalia mpaka nikachoka.

FUNDI: (anavuta kamasi)

DADA: Haloo? Upo?

FUNDI: Nipo.

DADA: Unalia?

FUNDI: Dada, nikikuambia kitu hutamwambia mtu?

DADA: Sema kwanza.

FUNDI: Alikuja dereva wa diwani. Siku moja kabla. Nilikuwa nimeshamaliza, nimelitandaza nje likauke. Akasimamisha gari, akasoma, akacheka. Akasema, fundi una mwandiko mzuri, lakini hiyo ndoano inaharibu bango.

DADA: Mungu wangu.

FUNDI: Nikamwambia ndivyo mteja alivyotaka. Akaangalia kibanda changu juu mpaka chini. Akasema, hiki kimekaa kwenye hifadhi ya barabara, unajua? Kinaweza kuvunjwa hata kesho. Kisha akasema vibao vya soko jipya, vyote, kila chumba, vinatafuta fundi. Dada, chumba baada ya chumba! Miaka sita naandika "Kunyoa" na "Tunauza barafu"—

DADA: Kwa hiyo nafasi haikuisha.

FUNDI: Haikuisha.

DADA: Kitambaa hakikuwa kifupi.

FUNDI: Nilikuwa nimeshaiandika, dada. Ilikuwa imekaa vizuri, kubwa, nilipima. Nikaipaka nyeupe juu yake. Mkono ulikuwa unatetemeka, haki ya nani.

DADA: Mkono! Unaniletea habari za mkono! Mume wangu kavimba jicho kwa ajili yako, anakutetea, wewe unaniambia mkono ulitetemeka!

FUNDI: Nilidhani watawatawanya tu! Watapiga filimbi, mtarudi nyumbani, basi! Nani alijua watamkamata? Na hata kama ndoano ingekuwepo, dada, wangepata neno jingine. Kibali kilisema mwandamane, hakikusema mfike. Wanaotaka kukukamata hawakosi sababu—

DADA: Wangeitafuta wenyewe, basi. Wewe umewapelekea mpaka mkononi, imekunjwa, imefungwa kamba. Na karatasi?

FUNDI: Aliichukua.

DADA: Nani?

FUNDI: Dereva. Alisema anaikagua tu.

DADA: (anavuta pumzi) Kumbe hata brashi hukufutia. Hata uongo wako mdogo ni uongo.

FUNDI: Dada, nisamehe. Nimekukosea wewe na shemeji. Nimekosa.

DADA: Ngoja. Ngoja kwanza. Umesema ulipaka nyeupe juu?

FUNDI: Ndiyo.

DADA: Upande wa mbele tu?

FUNDI: Mbele tu, ndiko kunakosomwa. Kwani vipi?

DADA: Leo asubuhi Mwalimu kaniambia jambo nikadhani kichwa kimeguswa na virungu. Alisema, mke wangu, nilitembea nyuma ya lile bango dakika ishirini, na alama nilikuwa naiona. Kwa nyuma, imegeuka kama kwenye kioo, lakini niliiona. Nilipozunguka mbele haipo. Nikamwambia pumzika. Yeye mwenyewe akasema labda macho yangu.

FUNDI: Labda ni macho kweli, dada.

DADA: Rangi nyeusi inapenya kitambaa?

FUNDI: Dada...

DADA: Nakuuliza ufundi wako. Inapenya au haipenyi?

FUNDI: Ile ya mafuta, kwenye kitambaa chepesi... inapenya.

DADA: Basi iko pale. Nyuma. Na bango wamelileta leo, limetundikwa humo ndani ya mahakama kama kielelezo, limetazama watu, mgongo ukutani. Hakuna aliyeligeuza.

FUNDI: Dada, usifanye hivyo.

DADA: Wakili yuko hapa mlangoni. Hatua kumi tu. Nimwambie amwombe hakimu aligeuze.

FUNDI: Dada, nakusihi! Wakiligeuza wataona ndoano, na mbele wataona kiraka cheupe, watauliza nani kaipaka! Na namba yangu iko pale pale! Diwani atajua nimesema. Nitaonekana nimewauza wote, huku na huku!

DADA: Si umewauza?

FUNDI: Mimi ndugu yako!

DADA: Na yeye ni nani? Mpangaji?

FUNDI: Watoto wangu, dada. Hujafikiria watoto wangu?

DADA: Mwalimu ndiye aliyewafikiria! Anapelekwa kizimbani kwa sababu ya kuwafikiria hao watoto! Wewe uliwafikiria wa nani? Uwanja huo wanachezea wa nani, kama si wako mwenyewe, huyo wa kati asiyekaa chini hata kula?

FUNDI: (analia)

DADA: Usilie. Sina nafasi ya kukubembeleza leo. Nilikubembeleza ulipovunja mkono, nikakubembeleza ulipofukuzwa kazi, leo siwezi. Mpishi ananiashiria, salio linaisha. Nisikilize.

FUNDI: Nakusikiliza.

DADA: Kesi ikiitwa, mpaka bango ligeuzwe, mpaka waandike, mpaka mtu atumwe kibandani kwako, ni kama saa moja. Labda na nusu. Polisi wasipokuja atakuja dereva. Funga kibanda. Wachukue watoto shuleni, mwambie mkeo asiulize, pandeni gari la kwanza mwende kwa mama.

FUNDI: Yaani unanifukuza, dada?

DADA: Nakupa saa moja. Mtu mwingine nisingempa hata dakika. Wanaita. Wamesema jina lake.

FUNDI: Dada, shemeji utamwambia? Atajua ni mimi?

DADA: Atakuwa palepale bango likigeuzwa. Macho si anayo? Moja, lakini analo. Haya, naingia.

FUNDI: Dada, subiri! Kwa mama nitafika na mabegi, na watoto, siku ya kazi... ataniuliza. Nimwambie nini?

DADA: Mwambie ukweli. Na ukishindwa ukweli, mwambie—

(simu inakatika)

FUNDI: Haloo? Dada? Nimwambie nini? Haloo?