Nati Niliyoikaza Mimi

Wekeni spana chini, wanangu, mje mkae hapa kitandani wote wawili, maana pumzi niliyobaki nayo nataka iishie kwenye maneno na si kwenye kuwaita. Wewe kifungua mimba wangu, usihangaike kunawa; grisi haijawahi kunichafulia shuka nikakasirika.

Nimekusikia kupitia dirishani. Umelipiga gari jeki, umelitikisa gurudumu la mbele la kushoto, ukamwambia dada yako, "Linacheza hili, ngoja nilikaze mpaka linyamaze." Kisha nikasikia lango, na sauti ya binti wa Fundi Polepole, "Kaka, mama ameniita," nawe ukamjibu, "Baba yako alishatutengenezea gari mara moja, inatosha." Ni kweli nilimwita. Nilitaka afungue magurudumu ya mbele akague beringi na spindo, kile chuma kinachobeba gurudumu, kabla mjukuu wangu hajapanda humo Jumamosi na shela lake. Wewe umemfukuza binti huyo, naye ni fundi kama baba yake, na sasa unataka kurudia kosa lilelile lililokuvunja mkono.

Ndiyo, mkono huo uliopinda. Usiutazame, nitazame mimi.

Ulikuwa na miaka sita. Gari hili lilikuwa kuukuu hata wakati ule, na mimi ndiye niliyeliendesha, nikibeba maharusi wa watu, huku ndugu za baba yenu wakilalamika kila walipokutana kwamba mwanamke na usukani wapi na wapi. Siku moja Fundi Polepole alifungua magurudumu ya mbele, akaosha beringi kwa mafuta ya taa, akapitisha ukucha kwenye spindo akitafuta ufa, akapaka grisi mpya, akaikaza nati huku analizungusha gurudumu, kisha akairudisha nyuma kidogo. Nikamuuliza, mbona unailegeza tena? Akasema, "Mama, hata chuma kinataka pa kupumulia." Nikaona ananiletea maneno. Mtu kachukua siku nzima kwa magurudumu mawili, na mimi nina bibi harusi ananisubiri!

Alipoondoka nikalitikisa gurudumu kama ulivyofanya wewe leo. Likacheza, kidogo tu, kama jino la mtoto linaloanza kulegea. Nikachomoa pini inayozuia nati isifunguke, ikakatika mkononi. Nikaikaza nati kwa nguvu zangu zote, nikapachika kibanio changu cha nywele mahali pa pini, nikarudisha kifuniko, nikanawa mikono. Haya sijamwambia mtu yeyote, hata baba yenu alikufa hajui.

Nikakupakia kando yangu, tukaenda kumchukua bibi harusi. Kwenye mteremko wa sokoni nilisikia harufu ya grisi inayoungua, nikajidanganya kuwa ni gari lililo mbele yetu. Beringi ilikuwa imekosa nafasi ya kuzunguka, ikapata moto, ikasagika, gurudumu likachomoka likatutangulia barabarani, nasi tukaserereka hadi kwenye ukuta. Mkono wako ulikuwa dirishani.

Fundi alikuja mbio, yeye ambaye hakuna aliyewahi kumwona akikimbia. Akapiga magoti mbele ya spindo iliyogeuka buluu kwa moto, akaokota kipande cha kibanio, akakitazama, kisha akanitazama nywele zangu. Baba zenu wadogo wakafika wanafoka, nani aligusa gari hili? Akakitia kibanio mfukoni, akasema, "Ni mimi. Nililegeza mno." Wakampiga kofi mbele ya watu. Nami nilikuwa nimesimama palepale, nimekupakata, nikanyamaza.

Miezi mingi baadaye nilimuuliza kwa nini. Akajibu, "Ukinyang'anywa usukani, hawa watoto watakula nini?" akaendelea kuziba pancha.

Basi jueni mlichokula. Madaftari yenu, bati lililo juu yetu, dawa za baba yenu alipougua, vyote vilitoka kwenye usukani ule aliouniachia mtu yule, wakati yeye wateja wakimkimbia mmoja mmoja. Wewe ulikua ukitema mate kila ulipopita mbele ya gereji yake, nikakuona, nikakuacha. Amezikwa mwaka jana bila kunisikia nikimshukuru mbele ya watu. Mungu amenipa watoto wema, mume mcheshi, uzee mrefu. Nashukuru kwa kila kimoja, lakini shukrani ile imenikwama kooni, na siwezi kuondoka nayo.

Nyumba ni yenu wote wawili. Msiigawe kwa ukuta. Wewe binti yangu, uliyeniogesha miezi hii yote huku ukinitania kwamba nanuka petroli, chukua chumba changu na kila kilichomo. Asante, mama. Gari ni la binti wa Fundi. Si zawadi, wala asiambiwe kuwa ni zawadi.

Na wewe, mwanangu, nikasirikie, una haki; hasira yako miaka yote ilikosea mlango, sasa umeujua. Lakini ifanye ingoje. Mfuate binti wa Fundi sasa hivi. Mwambie barabarani, majirani wakisikia, "Mama yetu ndiye aliyeikaza ile nati, baba yako hakukosea." Mpe ufunguo mkononi. Halafu mwombe, kwa adabu, ampeleke bibi harusi Jumamosi akisharidhika na magurudumu. Akikataa, msimlaumu, mjukuu wangu aende kwa miguu, viatu mkononi, bado atapendeza.

Sogeeni... nipeni vichwa vyenu niviguse. Mungu awatunze. Awape watu wa kuwastahi, nanyi muwatambue wakiwa bado... wakiwa bado wanasikia. Nimeridhika nanyi, wote wawili. Nimeridhika sana.

Mbona bado umekaa, baba? Utanililia ukirudi. Nenda... hajafika mbali.