Oili Iliyopimwa Injini Imezimwa

Benchi la kijiwe lipo chini ya dirisha la kinyozi, na siku zote hutazama barabara. Jumatatu ile waliligeuza likatazama ukuta, wala hakuna aliyesema kwa nini. Ng'ambo ya barabara, mbele ya duka la fundi cherehani, lilisimama gari la zamani la rangi ya maziwa, gari la marehemu baba yake, ambalo jana yake lilirudishwa kwa kusukumwa huku mtaa mzima ukiangalia. Wenye benchi walikuwa watatu: kinyozi mwenyewe, Jaji, karani wa mahakama aliyestaafu akabaki na tabia ya kutoa hukumu, na Injinia, muuza nyaya za umeme ambaye zamani alitengeneza pasi ya mtu ikapona, jina likamganda. Bi Kahawa aliwamiminia vikombe vyao, wakanywa wakiwa wameupa mtaa mgongo.

— Petroli, kinyozi alianza. Mimi nasema petroli ilikuwa chafu.

— Injini ilikuwa inawaka, Jaji akamjibu. Tena inanguruma kweli kweli. Gari ndilo lilikataa kwenda. Petroli inaingiaje hapo?

— Basi kilima. Kile kilima cha stendi kinashinda hata malori.

— Marehemu alikuwa anakipanda kila wiki, alisema Bi Kahawa, ambaye hakuulizwa.

Injinia akakohoa.

— Ni hewa, bwana. Ukipanda juu, hewa inakuwa nyepesi. Oili ya giaboksi inakimbilia nyuma, kisogoni mwa gari. Gia zinabaki kavu.

— Kwa hiyo likiteremka zinalowa?

— Ndivyo hasa.

— Mbona liliteremka kwa kusukumwa?

Injinia alijikuna goti. Jaji akaweka kikombe chini, kama mtu anayeahirisha shauri.

— Mnahangaika bure. Lile gari linamlilia mwenyewe. Limezoea mkono mmoja tangu likiwa jipya, leo limeshikwa na mwingine, limegoma. Mahakamani niliwahi kuona kesi ya cherehani iliyokataa kushona baada ya mwenyewe kufa.

— Nani alishinda?

— Cherehani.

Siku nyingine wangecheka. Leo kila mmoja alijua wanazunguka nini. Kilikuwa chini ya benchi, ndani ya chupa kubwa ya maji: oili nyekundu, nyingi tu, na Injinia alikuwa akiisukuma ndani zaidi kwa kisigino.

Mambo yalikuwa hivi. Jumamosi fundi cherehani alilivusha gari hadi mbele ya benchi. Kesho yake alikuwa ampeleke mama yake stendi kumuaga mama mkubwa, dada wa pekee wa mama yake, aliyekuwa anahamia kwa mwanawe nchi ya mbali. Kwa umri ule hakuna aliyetegemea arudi. Gari lenyewe ni otomatiki, gia zake hujibadilisha kwa nguvu ya oili, na fundi cherehani alitaka tu kuhakikisha kwamba oili hiyo inatosha. Akauliza benchi inapimwaje. Injinia, ambaye hajawahi kugusa giaboksi maishani mwake, akamwambia azime injini, oili itulie. Kinyozi akaleta taulo. Kijiti cha kupimia kikatoka kimelowa juu kabisa ya alama.

“Imezidi hii,” alisema Injinia. “Itakuja kupasua sili, ile mipira inayozuia oili isivuje.”

“Itolewe,” Jaji akahukumu.

Wakaivuta kwa bomba na mpira mpaka kijiti kikasoma sawasawa na alama. Wakapeana mikono. Fundi cherehani akaenda kumwambia mama yake kwamba wataalamu wameshalitazama.

Jumapili, katikati ya kilima, gari likanguruma bila kusogea. Mama akashuka, akakipanda kilima kilichobaki kwa miguu na mkongojo wake. Alipofika stendi, basi lilikuwa limeshatoka.

Sasa wakasikia mkongojo huohuo ukigonga lami nyuma yao. Mama alikuwa anavuka barabara, na mwanawe anamfuata akiwa ameinamisha kichwa. Wote watatu wakasimama.

— Shikamoo, mama.

— Marahaba, wanangu. Mbona mmekaa kama mmenuniana na mtaa?

Kinyozi akampisha akae, mama akatikisa kichwa.

— Sikuja kugomba. Nimekuja kuuliza. Siku mliyopima ile oili, injini ilikuwa inawaka?

Kinyozi akamtazama Jaji. Jaji akamtazama Injinia. Injinia akatazama viatu vyake.

— Tuliizima, mama. Mimi ndiye niliyesema izimwe.

— Marehemu hakuwa akiizima. Nakumbuka, kwa sababu aliyekuwa anakaa ndani kukanyaga breki ni mimi. Kwanza tunazunguka mtaa gari lipate joto. Tunarudi, tunaegesha mahali palipo sawa. Ananiambia nipitishe gia zote, moja moja, mguu hautoki kwenye breki, halafu nirudishe pa kuegesha. Ndipo anachomoa kijiti, anakifuta, anakitumbukiza, anakichomoa tena. Muda wote huo injini inawaka. Kwa nini, sijui. Sikumuuliza.

— Si ungeniambia, mama, mwanawe alisema kwa sauti ya chini.

— Mlipokuwa mnapima mimi nilikuwa ndani napiga pasi gauni la kwenda kumuaga dada yangu. Nani alikuja kuniuliza?

Fundi cherehani akageuza uso. Injinia akainama, akaitoa ile chupa chini ya benchi, akaishika kwa mikono miwili.

— Nimeelewa sasa. Injini ikiwaka, oili inapanda kufanya kazi. Ikizimwa, inashuka yote, inajaa chini. Sisi tulipima iliyoshuka, tukaiona nyingi. Mama, mimi si injinia. Nauza nyaya tu.

— Najua, mwanangu. Si nilinunua swichi kwako?

Aliisema bila kejeli, na hilo ndilo lililomchoma zaidi.

Wakavuka barabara. Fundi cherehani alileta kitambaa cheupe ambacho hakijakatwa, wakaichuja oili. Kidogo kikamiminwa kupitia tundu la kijiti, injini ikawashwa, ikaachwa ipate joto taratibu. Mama aliketi kwenye usukani, mguu kwenye breki. Aliyekuwa anachomoa kijiti ni Injinia, na kila mara alimwonyesha kinyozi na Jaji kabla ya kusema chochote.

— Bado iko chini. Mnaonaje?

— Iko chini, alisema kinyozi.

— Mimi sijui, alisema Jaji, na ilikuwa mara ya kwanza mtaa kumsikia akisema hivyo.

Wakaongeza kidogo kidogo. Mama akapitisha gia, akarudisha, na gari likatikisika kama mtu anayeamka. Fundi cherehani akaliendesha kuzunguka mtaa, akarudi, wakapima tena likiwa na joto, wakaongeza tone la mwisho. Kijiti kikasoma chini kidogo tu ya alama ya juu. Hakuna aliyeshangilia. Majirani waliokuwa wamesimama milangoni waliingia ndani mmoja mmoja, na hilo likawa afadhali.

Injinia alijifuta mikono, akaifuta tena ilhali imeshakauka. Mama alikuwa amerudi kwenye usukani, ameulaza mkono mahali ambapo ngozi ilishakwanguka kwa mkono wa mumewe.

— Mama mkubwa amekupigia simu? kinyozi aliuliza.

— Alipiga. Tumeongea. Nilitaka kumshika mkono, basi.

Injinia akasogea karibu na dirisha la gari.

— Mama, gari limepona. Taja popote unapotaka kwenda, mwanao akupeleke sasa hivi. Sisi tutafuata kwa miguu nyuma kama itabidi.

Mama akamtazama, kisha akaitazama barabara iliyokuwa wazi mbele yake.

— Wapi? akauliza.

Injini iliendelea kuwaka.