Mama Benta Amuron Okiror wa Chemchemi ya Kwa Nyasi, Malaba (1936–1998)

Mama Benta Amuron, tunayemzika leo Jumamosi tarehe 7 Februari 1998, alizaliwa mwaka wa 1936 karibu na Amukura, wakati wa mavuno ya wimbi. Siku yenyewe haikuandikwa. Kadi yake ya ubatizo inaonyesha tarehe 4 Oktoba mwaka huo, naye alikuwa akisema hiyo yatosha. Alikuwa mtoto wa tatu wa Mzee Ekisa na Mama Akiteng, wakulima, ambao wote wamemtangulia.

Alianza masomo mwaka wa 1946 katika shule ya misheni na kufika darasa la nne. Babake alipopooza mwaka wa 1950, aliitwa nyumbani kulima, na nafasi yake shuleni ikachukuliwa na mdogo wake wa kiume. Hakulalamika, lakini hakusahau. Watoto wake wote waliokua, wa kike kwa wa kiume, walimaliza sekondari.

Tarehe 10 Desemba 1955 alifunga ndoa kanisani na Zephaniah Okiror, mfanyakazi wa reli, na wakajenga hapa Kamuriai. Mungu aliwajalia watoto wanne. Mmoja, Amollo, aliaga akiwa mchanga. Mzee Okiror alifariki tarehe 2 Mei 1987, naye Mama hakutaka kuondoka katika boma hili hata alipoitwa na wanawe.

Kuanzia Januari 1964 hadi Desemba 1991 alikuwa mpishi wa shule ya msingi mjini Malaba. Maji ya uji aliyachota kwenye chemchemi iliyo chini ya uwanja tunaouita Kwa Nyasi, kati ya barabara kuu na bonde. Uwanja huo ulikuwa wa umma. Wanawake walikata nyasi za kuezekea, watoto walicheza mpira, na wachuuzi waliovuka kutoka Uganda walikaa hapo kupumzisha miguu. Mama Benta aliongoza wanawake waliosafisha chemchemi kila mwezi, na mtu hakuruhusiwa kuingia na viatu. Mchungaji alipokuja kuyabariki maji, Mama alimsimamisha ukingoni. "Mchungaji, Musa alivua kwa ajili ya kichaka," alimwambia. "Wewe vua kwa ajili ya maji." Mchungaji alivua. Soksi yake ilikuwa na tundu, na kabla ya maombi kwisha Mama alikuwa ameishona.

Miaka hii ya tisini mji ulifurika. Malori yalikaa mpakani siku nyingi, na madereva, utingo na wanawake wa biashara ndogo ndogo walihitaji pa kulala. Familia mbili zilikaa chumba kimoja, pazia katikati. Ndipo ikasemekana kwamba Kwa Nyasi itagawanywa viwanja vya nyumba.

Mkutano ulifanyika papo hapo uwanjani tarehe 18 Juni 1994. Mama Benta alisimama akapinga. Mzee Obuya, aliyekuwa na ploti za kupangisha upande wa stesheni, alimtania kwamba nyasi hazilipi kodi. Mama akamjibu, "Na wewe hulipi kwa maji, boss, na unakunywa kila siku." Watu walicheka. Lakini Maureen, mama mboga aliyekuwa na mtoto mgongoni, hakucheka. Aliuliza, "Sasa mama, sisi tulale kwa hiyo nyasi?"

Mama Benta akakaa chini. Aliposimama tena alikuwa na neno jingine. Alisema mji ugawanye uwanja jinsi kila boma la jirani zetu wa Bukhayo na la kwetu Teso linavyogawanywa, nyumba juu na shamba likishuka hadi majini. Nusu ya juu, kando ya barabara, wajenge. Nusu ya chini, yenye nyasi na chemchemi, isiguswe. Alinyoosha mkono na kuonyesha mpaka upite wapi. Wazee walikubali, Mzee Obuya alikubali, Maureen alipiga makofi. Hakuna aliyeona kosa, kwa sababu hata mababu zetu walijenga hivyo. Mkonge ulipandwa mpakani siku hiyo hiyo.

Nyumba zilijengwa mwaka wa 1995. Zilikuwa nyumba nzuri za matofali na mabati, milango ikitazama barabara. Maureen alipata chumba, na Mama Benta alimpelekea kuku wa kukaribishia. Na kwa kuwa choo hukaa nyuma ya nyumba, vyoo vya shimo vilichimbwa nyuma, vikafuatana upande wa juu wa mkonge. Katika boma la mtu mmoja kuna shimo moja, na ardhi hulimeza. Pale juu ya Kwa Nyasi mashimo yalikuwa ya mji mzima.

Mvua kubwa zilipokuja mwishoni mwa mwaka jana, mashimo yalijaa. Nyasi za chini zilikuwa kijani kuliko miaka yote, na watu walizisifu. Mwezi wa Novemba watoto wa ploti walianza kuugua homa ya matumbo. Tarehe 23 Novemba alifariki Selpher, mtoto wa Maureen, yule aliyekuwa mgongoni siku ya mkutano.

Baada ya mazishi hayo Mama Benta alikaa chemchemini kutwa, akizuia watu wasichote. Wengine walimtii. Wengine walimwambia anatafuta njia ya kufukuza wapangaji ili arudishiwe nyasi zake. Maneno hayo yalimuumiza kuliko ugonjwa uliomjia baadaye. Alimwambia Maureen, "Mkono ulioonyesha mpaka ni huu wangu." Maureen alimshika mkono huo.

Mama mwenyewe alikuwa ameyanywa maji hayo tangu alipoolewa, wala hakuwahi kuyachemsha. Alianza kuhisi homa wiki ya Krismasi akaificha. Tarehe 12 Januari alipelekwa hospitali, na wauguzi walimhudumia kwa bidii. Maureen alimlisha uji kila asubuhi.

Mzee Obuya alikwenda kumwona akiwa na machungwa, akamwambia kwamba, kama ni hivyo, yuko tayari kubomoa nyumba zake za Kwa Nyasi. Mama alikataa.

"Usibomoe. Watu watalala wapi? Wewe hamisha tu choo, uweke mbele, upande wa barabara."

"Mama, nani atapanga nyumba yenye choo mlangoni?"

"Basi wapange wakijua wanakunywa nini."

Mzee Obuya aliinamisha kichwa. Alisema ataongea na wenye ploti wengine. Tulipomsomea maneno haya juzi ili tusimsingizie, alikubali kwamba ndivyo ilivyokuwa. Alikubali pia kwamba hadi leo hakuna shimo lililofunikwa.

Utumbo wa Mama ulitoboka. Alifariki Jumanne tarehe 27 Januari 1998, saa kumi na moja asubuhi, bintiye akiwa kando yake.

Ameacha watoto watatu: Ekisa, mwalimu kule Sigalame, Apeduno, aliyeolewa Busibwabo, na Omuse wa forodha. Ameacha wakaza wana wawili, mkwe mmoja na wajukuu kumi na mmoja. Ameacha mdogo wake, Mzee Emojong. Ameacha pia Maureen, ambaye familia imeomba aketi leo pamoja na mabinti wa nyumba hii.

Wageni wanaarifiwa kwamba chai na chakula cha leo vimepikwa kwa maji yaliyoletwa kwa gari kutoka mjini Busia. Tafadhali, atakayesikia kiu njiani asichote Kwa Nyasi, hata kama maji yanaonekana safi. Yanaonekana safi.

Mungu ampe Mama Benta pumziko ambalo hakulipata miezi hii ya mwisho.