Mwaipaja, Mchapaji: Jina Lililokaa Chini ya Karatasi

Ndugu, jamaa na majirani mliofika hapa Walthamstow, familia inawasomea maisha ya Mzee wetu kama alivyoyasimulia mwenyewe, kidogo kidogo, mikono ikiwa kazini.

Mzee Ulimboka Mwaipaja alizaliwa tarehe 3 Mei 1936 karibu na Tukuyu, Tanganyika, akafuatiwa na mdogo wake wa pekee, Uswege. Alisoma shule ya misheni hadi darasa la nane, huko akafundishwa kupanga herufi za kuchapia za madini ya risasi, na mwaka 1955 akavuka kwenda Unguja kutafuta kazi, ambako hadi anaondoka aliitwa mtu wa bara. Mwaka 1960 alifungua kiwanda kidogo cha chapa mtaa wa Mkunazini, akamwita Uswege, wakachapa kadi za harusi, tiketi za mpira na vikaratasi vya vyama vyote, maana Mzee alisema mashine haipigi kura.

Sheria ya wakoloni ilitaka jina la mchapaji likae chini ya kila karatasi, naye aliishika kuliko wengi. Desemba 1963 mteja alileta maneno makali ya siasa yasiyo na jina la mwandishi, Uswege akamsihi kaka yake kwamba hiyo wasiitie jina lao, Mzee akamjibu kwamba karatasi isiyo na jina ni kazi ya wezi, zikatoka nakala mia nne, Mwaipaja chini ya kila moja. Mapinduzi yakaja tarehe 12 Januari 1964. Jumanne ya tarehe 21, Mzee akiwa bandarini kufuata wino, watu watatu waliingia kiwandani na karatasi ile mkononi, wakauliza Mwaipaja ni nani, na fundi viatu wa mlango wa pili akamsikia Uswege akisema, ni mimi. Uswege hakuonekana tena.

Mzee alifika London tarehe 9 Novemba 1966, akafunga ndoa na Bi Anastasia, muuguzi, tarehe 17 Julai 1971, wakajaliwa Haika na Nickson. Mwaka 1979 alifungua duka la chapa karibu na soko la hapa, na wengi wenu kadi zenu za harusi zilitoka kwake, lakini mlangoni palikuwa na namba tu, na chini ya kadi hapakuwa na kitu. Kila Januari aliandika barua kwa wakuu wa serikali kule Unguja kumuulizia mdogo wake. Jibu lilikuja moja, mwaka 1998, kwamba jina hilo halimo kwenye kumbukumbu.

Mwaka 2019 alianza kuugua mapafu, na akafariki hospitalini tarehe 6 Februari 2025, saa nane mchana.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliopika wiki nzima, na Komal, aliyefanya naye kazi miaka ishirini na mbili.

Ratiba mliyoshika aliipanga mwenyewe Oktoba iliyopita. Ukurasa wa mwisho una jina la Uswege, na nafasi ya tarehe na mahali alipofia, ambayo tumeiacha wazi kama alivyoiacha. Chini kabisa ametia jina lake, Mwaipaja, Mchapaji, mara ya kwanza tangu Unguja, na Haika alipomuuliza sababu, alisema sasa wakija watamkuta mwenyewe.

Pumzika kwa amani, Baba, na Uswege naye, popote walipomlaza.